Nambari 2,147,483,647: haigawiki, na ina miadi nasi 2038

Ukipita Marikiti asubuhi utawakuta wachuuzi wakipanga ndimu mafungu. Ndimu 30 hazisumbui: mafungu sita ya tano tano, au matano ya sita sita. Ongeza moja ziwe 31, mambo yanakwama. Panga utakavyo, fungu moja litapungua au litazidi. Nambari isiyogawika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe twaiita nambari tasa.

Sasa andika 2 mara 31, uzizidishe zote pamoja, halafu utoe 1. Utapata 2,147,483,647. Nikiiandika ubaoni hapa Mombasa, wanafunzi hukimbilia kikokotoo. Nawaomba waanze kwa mkono. Inaishia na 7, basi 2 na 5 haziigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 46, basi hata 3 haiigawi. Ukigawa kwa 7 inabaki 1.

Lakini kushindwa mara nne si ithibati. Chukua 2 mara 11 tu, zidisha, toa 1: unapata 2,047. Kwa macho yaonekana tasa, kumbe ni 23 mara 89. Hapa wengi huteleza.

Aliyeithibitisha nambari yetu ni Mswisi Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa karibu amepofuka kabisa. Kwanza, hakuna haja ya kupita kipeuo chake cha pili, yaani 46,340 na kitu. Pili, na hapa ndipo uzuri wenyewe ulipo, alijua kwamba kigawanyo chochote cha nambari hii, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 248 kibakishe 1 au 63. Maelfu ya nambari za kujaribu yakashuka hadi 372. Hakuna hata moja iliyoigawa. Kila nikilifundisha somo hili nafurahi upya.

Nambari hiyohiyo imo kwenye mashine zetu. Kompyuta inayohifadhi nambari kwa biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1, hutenga moja kwa alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, na kikomo chake ni 2,147,483,647 kamili. Mifumo mingi ya zamani huhesabu saa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Hesabu hiyo itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, na kwa saa za Mombasa itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, saa ya mfumo kama huo itageuka hasi na kusoma Desemba 1901.

Mifumo inayohesabu saa kwa biti 64 haina shida hii. Hofu yangu ni mitambo inayofungwa leo ukutani au kiwandani na kutarajiwa kudumu miaka mingi. Kabla hujalipa, muulize muuzaji saa yake inahesabu kwa biti ngapi. Akisitasita, mwombe mtambo wa majaribio, si ule unaotumika kazini, asogeze tarehe hadi 20 Januari 2038 mkiwa nyote mnatazama.