Gugu maji unalijua, lakini makala yake umeielewa?

Mpe mkazi wa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, makala ya kurasa 2 kuhusu gugu maji, kisha kabla ya maswali umwombe akadirie atapata ngapi kati ya 10. Mara nyingi atajipa alama za juu. Gugu maji analiona kila siku, linanasa nyavu na kuziba njia ya mitumbwi. Sasa muulize: kwa nini oksijeni hupungua majini hata pale ambapo gugu limeshakufa na kuzama? Jibu limo katika makala (bakteria wanaolioza ndio wanaotumia oksijeni), lakini hapo wengi hukwama. Alikuwa akipima uzoefu wake wa ziwa, si alichosoma.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Arthur Glenberg na William Epstein, walionyesha jinsi makadirio ya namna hii yanavyoachana na matokeo ya maswali. Tafiti zilizofuata zilipata uwiano wa wastani wa takriban 0.27 kati ya makadirio na matokeo, pale ambapo 1 ni kupatia kabisa na 0 ni kubahatisha. Uwiano huo hauhusu kujipa alama nyingi au chache. Unahusu mpangilio: je, mada unayodhani umeielewa zaidi ndiyo utakayoifanya vizuri zaidi? Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne hili ndilo lenye madhara, maana huamua arudie mada ipi na aiache ipi.

Dawa ninayoiamini ni ile ya mtafiti Keith Thiede na wenzake, 2003. Soma matini zako zote, tuseme 5, bila kusimama kujikadiria. Ukimaliza ya mwisho, rudi kwenye ya kwanza kwa kichwa chake cha habari tu, daftari limefungwa, uandike maneno 5 yanayobeba kiini chake. Ndipo ujipe alama. Ukiandika mara tu baada ya kusoma, maneno huja kwa wepesi kwa sababu bado yako kichwani, na wepesi huo unadanganya.

Wengi huharibu kwa kuandika "ziwa, samaki, gugu". Hayo yametoka kwenye kichwa cha habari. "Kivuli, kuoza, bakteria, oksijeni" yanaonyesha mnyororo wa sababu. Na maswali ya kujipima yawe ya kwa nini na vipi. Ukijiuliza gugu lilionekana ziwani mwaka gani, unapima kumbukumbu tu.