Hadubini ya mwanga na mapafu: dhana na ukweli

"Inayokuza zaidi ndiyo bora."
Kukuza ni rahisi. Kazi ni kutenganisha nukta mbili zilizobanana. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwanga wenyewe una mpaka: vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) huonekana kama kitu kimoja, hata ukikuza mpaka uchoke. Unachopata ni ukungu mkubwa zaidi.

Chukua makohozi ya mtu anayehisiwa kuwa na kifua kikuu. Kwa njia ya zamani ya kupaka rangi, Ziehl-Neelsen, unadondoshea slaidi mafuta, unakuza mara 1,000, kisha unasaka vijiti vyekundu kwenye buluu, kipande kwa kipande, hadi shingo inakaza. Kwa auramini, rangi inayong'aa, na taa ya LED, mara 200 au 400 zinatosha. Bakteria wanawaka kwenye giza kama vimulimuli, na kila ukisogeza slaidi unaona eneo kubwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hii iingizwe hatua kwa hatua kama mbadala wa ile ya kwanza, kwa kuwa hugundua wagonjwa zaidi.

"Slaidi safi, basi huna TB."
Hapana. Kwa kawaida huhitajika bakteria 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo waonekane.

"Zile rangi za kupendeza ni za pafu lenyewe."
Kamera nyingi za kisayansi hupiga picha isiyo na rangi. Kijani na zambarau huwekwa na kompyuta ili kutofautisha kilichopakwa dawa hii na ile. Binafsi sioni udanganyifu hapo, mradi mtafiti aseme.

"Hadubini ya elektroni imeshamaliza kazi."
Hiyo hutumia elektroni badala ya mwanga. Inaona vidogo zaidi, kweli, lakini sampuli hukaa ndani ya ombwe, pasipo hewa, imekufa. Vinyweleo vya njia ya hewa, vinavyosukuma kamasi kwenda juu, hupiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Ukitaka kujua kama vya mtoto fulani vimelemaa, lazima uvione vikipiga, kwa hadubini ya mwanga na kamera ya kasi. Hata mpaka wa Abbe umeshavukwa: Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

"Pafu ni jepesi, mwanga utapenya tu."
Hapa ndipo wengi hukwama. Pafu limejaa hewa, na kila mahali hewa inapokutana na ukuta wa kifuko cha hewa mwanga hupinda na kutawanyika. Kipande cha maabara hujazwa agarosi, jeli itokanayo na mwani, ichukue nafasi ya hewa. Kwa mnyama aliye hai hali ni ngumu zaidi, maana pafu halitulii.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifungua dirisha dogo kifuani mwa panya aliyelazwa usingizi, wakalishika pafu kwa mvuto hafifu wa hewa, wakachungulia kwa hadubini ya fotoni mbili, inayotumia leza kuona ndani zaidi ya tishu. Mwaka 2017 walitangaza walichokiona: seli kubwa zinazotoka kwenye uboho zinafika pafuni na kumwaga humo chembe za kugandisha damu, zaidi ya milioni 10 kwa saa, karibu nusu ya zote anazotengeneza panya huyo. Vitabu vilikuwa vikifundisha kwamba kazi hiyo ni ya uboho.