Oda bado si mauzo

Kila ninapoitwa kukagua hesabu za duka la mtandaoni linaloyumba, mwenye duka hunionyesha kwanza idadi ya oda. Tazama mwezi huu, huniambia, tazama na ule uliopita. Zimepanda kweli. Mimi huomba daftari la mizigo iliyorudi, na mara nyingi daftari hilo halipo. Mizigo yenyewe ipo. Imerundikwa kwenye kona ya ghala, maboksi yamefunguliwa na kufungwa tena kwa selotepu nyingine, baadhi yana madoa ya mvua, na hakuna anayejua ni mangapi wala yamekaa pale tangu lini.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupanga safari za mizigo: itoke ghala gani, ibebwe na nani, ifike kwa nani, na pesa irudi kwa njia ipi. Kwa hiyo biashara ya mtandaoni katika nchi ambazo uchumi wake unainukia naitazama kutoka barabarani, na kutoka huko jambo moja linaonekana kuliko mengine yote: oda bado haijawa mauzo. Mteja aliyebonyeza kitufe ameonyesha nia tu. Kati ya nia hiyo na pesa kuingia kwenye akaunti ya muuzaji pana safari ndefu, na maduka haya hukua au hufa yakiwa katikati ya safari hiyo.

Ukuaji wenyewe ni wa kweli, na sipendi unapobezwa. Simu ndiyo iliyoufungua. Kampuni ya simu ya Reliance Jio ilipoanza kutoa huduma India, Septemba 2016, gharama ya intaneti ilishuka kwa kasi, na watu ambao hawakuwahi kumiliki kompyuta wakaanza kununua vitu wakiwa na simu mkononi. Kenya ilikuwa na M-Pesa tangu Machi 2007. Brazil, benki kuu ilizindua Pix Novemba 2020, mfumo wa kutumiana pesa papo hapo, usiku na mchana, hata sikukuu. Leo fundi anayeishi mbali na jiji anaweza kupata kipuri ambacho zamani kingemla siku nzima ya safari, na pengine angefika akaambiwa kimekwisha. Kwake hiyo siyo anasa.

Linalonikera ni kulinganisha kusikofaa. Amazon ilipoanza kuuza vitabu Julai 1995, ilikuta nchi iliyokwisha kujengwa kwa ajili yake. Wamarekani walikuwa wakinunua kwa katalogi tangu kampuni ya Montgomery Ward ilipotoa ya kwanza mwaka 1872. Posta yao ilianza kupeleka barua hadi mlangoni kwa wakulima mwaka 1896, na huduma ya vifurushi ikafuata tarehe 1 Januari 1913. Nyumba zilikuwa na namba, watu walikuwa na kadi za benki. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliongeza kioo cha kompyuta juu ya mwili uliokwisha kukomaa. Sasa ichukue Flipkart, duka la mtandaoni lililoanzishwa Bengaluru, India, mwaka 2007, au Jumia na Konga zilizoanza Lagos mwaka 2012. Hawa walikabidhiwa kiwanja kitupu. Flipkart ililazimika kujijengea kampuni yake ya kubeba mizigo, Ekart, kwa sababu huwezi kuuza kile usichoweza kukifikisha. Anayeyapima maduka haya kwa kipimo cha Ulaya au Marekani anasahau nani alilipia barabara, posta na namba za nyumba kule.

Na kitu kinachokosekana zaidi kwenye kiwanja hicho ni imani. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel, alilieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kulitambua gari zima na bovu, hutoa bei ya wasiwasi kwa yote, na mwenye gari zima huona bora aliondoe sokoni. Kwenye duka la mtandaoni mnunuzi huona picha tu. Hawezi kushika kitambaa, hawezi kuwasha redio akasikia inavyokoroma, hawezi kumtazama muuzaji usoni. Mahali ambapo bidhaa feki zimezagaa na kudai haki yako ndogo mahakamani kunagharimu kuliko bidhaa yenyewe, kusita kwake ni busara. Nimechoka kusikia wenye maduka wakiita kusita huko ushamba wa wateja.

China walilifungua fundo hili mapema. Kampuni ya Alibaba ilianzisha soko la mtandaoni la Taobao Mei 2003, na kabla mwaka haujaisha ikaongeza njia ya malipo iliyokuja kuitwa Alipay: mnunuzi analipa, pesa inashikwa katikati, na muuzaji haipati mpaka mnunuzi akubali kwamba mzigo umefika na ni wenyewe. Wakati huo eBay ya Marekani ilikuwa imekwisha kuinunua EachNet, duka kubwa la mtandaoni la huko, na ilikuwa na pesa nyingi. Mwishoni mwa 2006 iliifunga tovuti yake kuu ya China. Zilikuwepo sababu nyingine, mojawapo ikiwa kwamba Taobao haikuwatoza wauzaji ada, lakini naamini ile pesa iliyoshikwa katikati ndiyo iliyowafanya watu wasiofahamiana wathubutu kuuziana. Brazil walipita njia tofauti, ile ya boleto, hati yenye msimbo ambayo mnunuzi huenda nayo benki akalipa taslimu, kisha mzigo ndipo hutumwa.

Nchi nyingi, India ikiwa mbele, ziliegemea njia ya tatu: lipa mzigo ukifika. Flipkart iliiweka mwaka 2010 na mauzo yakafunguka. Wengi huiona kama ugunduzi wa zama hizi, lakini Posta ya India ilikuwa na huduma ya namna hiyo tangu 1877: tarishi anapeleka kifurushi, anapokea bei yake mlangoni, na posta inamfikishia muuzaji pesa. Watu wasioonana wamekuwa wakihitaji mtu wa kusimama katikati tangu kabla ya umeme.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo maduka mengi niliyoyaona yamevujisha damu bila kujua jeraha liko wapi.

Fanya hesabu ya mfano. Una oda 100. Kila bidhaa, ukiondoa bei uliyoinunulia, inakuachia 20. Kuipeleka kwa mteja ni 8, na ikikataliwa, kuirudisha ghalani ni 8 nyingine. Wateja wote wakipokea, unapata 2,000, unalipa usafiri 800, unabaki na 1,200. Sasa wateja 25 wakatae. Waliopokea wanakupa 1,500. Safari za kwenda ni zilezile 100, kwa hiyo 800. Safari za kurudi ni 200. Umebaki na 500. Robo ya oda imekula zaidi ya nusu ya faida. Wakikataa 40, unabaki na 80, na bado hujalipa kodi ya ghala, mishahara wala tangazo hata moja. Kwenye ripoti yako, lakini, miezi hiyo mitatu inafanana: oda 100, 100, 100.

Kwa nini mtu aagize kisha akatae? Nimepanda pikipiki na wasambazaji ili nijue, na sababu nilizozisikia milangoni hazikuwa zile zilizoandikwa kwenye mfumo. Mfumo husema "mteja hapatikani." Mlangoni unakuta mzigo ulichukua siku tisa na mshahara ulikwisha siku ya sita. Unakuta aliyeagiza ni kijana na mwenye pesa ni baba yake, naye yuko kazini. Unakuta mteja hakukataa kitu chochote: msambazaji alipiga simu mara moja, haikupokelewa, akaandika sababu rahisi apate kumaliza mizigo 40 aliyopewa. Na wapo walioagiza bidhaa ileile kwenye maduka mawili wakimsubiri atakayetangulia. Kila sababu ina dawa yake, na hakuna hata moja inayotibiwa na tangazo jipya. Siku za safari ndizo hatari kuliko zote. Kulipa mzigo ukifika humfanya mteja aamue kununua mara mbili, na kila siku inayopita kati ya uamuzi wa kwanza na wa pili inampa nafasi ya kubadili mawazo.

Tena pesa taslimu ina uzito wake. Msambazaji hubeba makusanyo ya siku nzima mfukoni, na wanaovizia wanalijua hilo. Hukosa chenji. Jioni lazima makusanyo yahesabiwe, yapelekwe benki, yalinganishwe na mizigo, ndipo muuzaji mdogo aliyeuza bidhaa zake kupitia duka la mtandaoni alipwe, wakati mwingine baada ya wiki mbili. Muuzaji mwenye mtaji mkubwa huvumilia. Mwenye mtaji wa kuzungusha mara nne kwa mwezi, akicheleweshewa wiki mbili, hawezi tena kuuzungusha zaidi ya mara mbili, ijapokuwa hajapata hasara hata ya senti. Nimeona wauzaji wazuri wakiondoka kwa sababu hiyo pekee, na wanapoondoka wao wanabaki wale ambao Akerlof alituonya juu yao.

India ilionja hatari ya mazoea haya Novemba 2016, serikali ilipofuta ghafla noti za rupia 500 na 1,000, ambazo zilikuwa karibu asilimia 86 ya thamani ya pesa taslimu iliyokuwa mikononi mwa watu. Maduka yalilazimika kusimamisha au kubana huduma ya kulipa mlangoni. Mwaka huohuo ulizinduliwa UPI, mfumo wa malipo ya papo hapo kwa simu, na leo mnunuzi anaweza kulipa mlangoni bila kutoa noti. Hilo ni jambo kubwa, ila halijafuta tatizo la kukataa. Aliyeshika simu ana hiari ileile ya aliyeshika noti.

Anwani nazo zina kisa chao. Mahali pasipo majina ya mitaa, mteja huelekeza kwa mti, kwa mnara, kwa ukuta wa rangi fulani, na ukuta ukipakwa rangi upya anwani imebadilika. Zipo mbinu za kidijitali. Mongolia ilikubali mwaka 2016 posta yake itumie what3words, inayoipa kila sehemu ya mita 3 kwa 3 maneno matatu. Mimi napendelea jambo la kawaida zaidi: vituo vya kuchukulia mizigo. Mizigo 30 ikipelekwa kwenye kituo kimoja, safari 30 zimekuwa moja, na mteja anayekuja mwenyewe kuchukua mzigo amekwisha kuamua kuutaka.

Kuhusu bidhaa za bei ya chini sana zinazotumwa moja kwa moja kutoka viwanda vya China, nitasema machache. Brazil ilianza kutoza kodi ya asilimia 20 kwa manunuzi ya hadi dola 50 kutoka nje, Agosti 2024. Afrika Kusini nayo ilibana mwaka huohuo. Naelewa kilio cha wauzaji wa ndani, maana wao hulipa ushuru wanapoingiza shehena. Lakini kodi haitafikisha mzigo wako mapema. Ulichonacho ambacho aliye mbali hana ni ukaribu, na ukaribu usiogeuzwa kuwa siku chache za safari umepotea bure.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama duka lifute kabisa kulipa mlangoni. Hapana, si kwa mteja mpya; utamfukuza. Duka moja nililofanya nalo kazi lilijaribu kuwavuta wateja walipe mapema kwa kuwapa punguzo. Walilipa mapema siku ya punguzo, na siku iliyofuata wakarudi kwenye taslimu. Tukakaa na wahudumu wa simu, tukasikiliza malalamiko ya miezi kadhaa, na yote yakatupeleka mahali pamoja. Mtu aliyewahi kulipa mapema kisha akarudisha bidhaa mbovu alizungushwa majuma mengi kabla ya kupata pesa yake, na kisa hicho alikuwa amewasimulia jamaa na majirani.

Tukabadilisha utaratibu. Msambazaji akishapokea bidhaa iliyorudishwa na kuisajili kwenye simu yake, pesa ya mteja inarudi saa hiyohiyo, kabla bidhaa haijakaguliwa ghalani. Mhasibu alipinga, akisema wapo watakaorudisha boksi lenye jiwe ndani. Walikuwepo, wachache, na tuliwaondoa kwenye utaratibu huo mmoja mmoja. Malipo ya mapema yakaanza kupanda polepole bila punguzo lolote. Tulipochambua majina tukakuta kwamba waliotangulia kuhama hawakuwa wateja wetu ambao mizigo yao ilifika salama siku zote. Walikuwa wale waliowahi kurudisha kitu, na pesa yao ikawarudia kabla msambazaji hajaondoka mlangoni.