Barabara Huishi Kuliko Nyumba

London iliungua mwaka 1666. Msanifu majengo Christopher Wren alichora ramani mpya yenye barabara pana zilizonyooka, lakini mji ulipojengwa upya, sehemu kubwa ya mitaa ilifuata njia zilezile za zamani, kwa kuwa kila mwenye kiwanja aliushikilia mpaka wake. Nyumba ziliteketea, njia zikabaki. Ndiyo sababu sisi wa mipango miji tunaiangalia barabara ya kwanza inayochongwa pembezoni mwa mji kwa makini kuliko jengo lolote litakaloifuata.

Mji unaotapakaa hauonekani kwa ukubwa wake tu. Chukua ramani, uhesabu njia zinazokutana katika kila makutano. Barabara inayoishia ukutani ipe 1, makutano ya njia tatu 3, njia panda ya pande nne 4, kisha tafuta wastani. Wastani ukiwa juu, mtu ana njia nyingi za kufika aendako. Ukishuka, safari zote humiminwa kwenye barabara kuu moja, na foleni huanzia hapo, hata barabara hiyo ikipanuliwa mara ngapi. Jirani mliyepakana naye ukuta kwa ukuta huenda ukamfikia kwa kuzunguka kilomita nzima. Nani atakwenda kwa miguu? Basi nalo halina njia ya kupita humo na kutokea upande wa pili.

Mitaa ya barabara zilizozibwa mwishoni ilianza kwa nia njema. Radburn, kitongoji kimoja cha Marekani, mwaka 1929, ilipangwa ili watoto wacheze mbali na magari, tena ikawekewa vijia vya kutosha vya waenda kwa miguu. Walioiga baadaye mara nyingi waliviacha vijia, wakachukua ncha zilizozibwa. Mitaa mipya ya nchi hiyo iliendelea kukosa upenyo hadi katikati ya miaka ya 1990, ndipo mwelekeo ukaanza kugeuka.

Ardhi ikiwa bado wazi, kazi ni rahisi: barabara zitangulie viwanja, kama mhandisi Ildefons Cerdà alivyoipangia Barcelona upanuzi wake mwaka 1859. Palipokwisha kujengwa, kuvunja nyumba ni gharama na ni uchungu kwa wenyewe, nami sipendekezi kufanya hivyo kwa wepesi. Mara nyingi hutosha kupata upenyo wa mita 2 kati ya kuta mbili, pale barabara mbili zilizozibwa zinapokaribiana. Gari halipiti hapo, lakini mtoto anayekwenda shule anapita.