Kibra na Lang'ata: mpaka wa 2012 ulimgusa nani?

Ukiniuliza ni mpaka gani wa uchaguzi Nairobi uliobadilisha siasa zaidi tangu katiba ya 2010, nitakuonyesha ule unaotenganisha Kibra na Lang'ata. Wengi hudhani kilichobadilika ni Kibra, kwa kuwa ndiko eneo bunge jipya lilikozaliwa. Kazi yangu ni kusoma ramani za mipaka na kuzilinganisha na matokeo ya kura, na ninavyoona mimi, Kibra iliendelea na safari yake kama kawaida. Lang'ata ndiyo iliyogeuka.

Kabla ya uchaguzi wa 2013, Nairobi ilikuwa na maeneo bunge manane tu: Makadara, Kamukunji, Starehe, Lang'ata, Dagoretti, Westlands, Kasarani na Embakasi. Lang'ata ya wakati huo ilianzia kwenye mabanda ya Laini Saba ikaishia kwenye majumba ya Karen yenye ua wa ekari nzima. Mbunge alitakiwa kuomba kura kwa mtu anayenunua maji kwa mtungi asubuhi, na mchana kwa mtu anayelalamikia nyani kuvuka ua wake.

Kiti hicho kina historia ndefu kuliko inavyokumbukwa. Mwaka 1974 kilichukuliwa na Mwangi Mathai, aliyewaahidi wapiga kura ajira. Mkewe, Wangari Maathai, aliichukulia ahadi hiyo kwa uzito kuliko wanasiasa wanavyozichukulia ahadi zao: akaanzisha kampuni iliyoitwa Envirocare ili iwaajiri watu wa Lang'ata kupanda na kutunza miti. Kampuni haikudumu, lakini wazo la miche halikufa, na mwaka 1977 likazaa vuguvugu la Green Belt. Mwaka 1979 kiti kikaenda kwa Philip Leakey, Mkenya mweupe wa kwanza kuchaguliwa bungeni tangu uhuru. Kisha ukaja mfumo wa vyama vingi, na mwaka 1992 Raila Odinga akakitwaa.

Hayati Raila alikishika kwa zaidi ya miaka 20, na ukitazama vyama alivyopitia utaelewa kwa nini nasema kiti hiki kilikuwa cha mtu kuliko cha chama. Aliingia kwa tiketi ya Ford-Kenya. Alipoihama, sheria ya wakati huo ilimlazimu kukiacha kiti na kurudi kwa wapiga kura, naye akarudi kwenye uchaguzi mdogo wa 1997 akiwa NDP, akashinda. Akashinda tena uchaguzi mkuu mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwaka 2002 alikuwa NARC, mwaka 2007 ODM. Vyama vinne, mtu mmoja.

Mwaka 2007 kiti hicho kilibeba uzito ambao vijana wa leo hawaujui. Katiba ya zamani ilitaka rais awe mbunge wa kuchaguliwa. Mgombea urais angeweza kushinda nchi nzima, akiangushwa nyumbani basi ikulu haipo. Ndiyo maana kampeni ya Stanley Livondo wa PNU dhidi ya Raila kule Lang'ata ilifuatiliwa kama mechi ya fainali. Katiba ya 2010 iliufuta mtego huo: rais si mbunge tena. Raila alipowania urais mwaka 2013, ubunge akauacha.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo kisu kilipopita.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097 nchini. Katiba ilikuwa imeweka maeneo bunge 290, kutoka 210. Gawanya, unapata wastani wa watu 133,138 kwa kila kiti. Kifungu cha 89 cha katiba kinaruhusu miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache kuzidi au kupungua wastani huo kwa asilimia 40. Kwingine ni asilimia 30. Kwa hiyo hakuna eneo bunge la Nairobi lililopaswa kuzidi watu 186,393. Lang'ata ilikuwa na 355,188. Ukikata katikati, kila upande unapata kama 177,600, chini kidogo tu ya kikomo. Kugawanywa mara mbili kulikuwa lazima, na mara mbili kulitosha.

Tofauti ya wakati huo ilitisha. Embakasi peke yake ilikuwa na watu 925,775 na mbunge mmoja, wakati Lamu Mashariki ilikuwa na 18,841 na mbunge mmoja vilevile. Kura ya mkazi wa Embakasi ilikuwa na uzito wa moja ya arubaini na tisa ya ile ya ndugu yake wa Faza, huko Lamu Mashariki. Tume ya mipaka ya Andrew Ligale ilipopendekeza maeneo bunge mapya 80, ugomvi ukawaka, na kazi ikamalizwa na IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, mwezi Machi 2012. Nairobi ikatoka viti 8 hadi 17, kila kimoja na wadi tano.

Hapa naomba nikae kidogo na swali la idadi ya watu wa Kibera, yaani mtaa wa mabanda ulio ndani ya eneo bunge la Kibra, maana ndilo linaloshikilia jambo zima. Kwa miaka mingi tulisomewa kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine wakapandisha zaidi. Sensa ikaja na watu 170,070 katika vijiji vyote vya mabanda. Kelele zilipigwa, na bado zinapigwa. Lakini tume ya mipaka haichori ramani kwa vipeperushi vya wafadhili. Inachora kwa sensa. Kama ile milioni ingekuwa kweli, Kibera peke yake ingestahili viti saba kwa wastani wa wakati ule. Ilipata kimoja, chenye watu kama 178,000 ukijumlisha na mitaa isiyo ya mabanda. Mtu anaweza kubishana kuhusu namna wapangaji wanavyohesabiwa usiku wa sensa, na mimi nina maswali yangu, ila tofauti ya kutoka 170,070 hadi milioni moja haizibwi na vyumba vichache vilivyorukwa.

Mpaka wenyewe ulichorwaje? Watu hudhani kuna afisa aliyekaa na kalamu akipitisha mstari katikati ya nyumba. Ukifungua jedwali la agizo la mipaka la 2012, utaona wadi zimeelezwa kwa majina ya kata ndogo za sensa. Yaani matofali ya kujengea yalikuwa mipaka ya machifu na manaibu wao, iliyokuwepo zamani. Kibra ikapewa wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, na Woodley/Kenyatta Golf Course. Lang'ata ikabaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise.

Hiyo Nyayo Highrise ndiyo huwa nawaonyesha wanafunzi. Simama kwenye roshani ya ghorofa pale Highrise utazame upande wa mabanda: paa za Soweto, kijiji cha Kibera, ziko karibu kiasi cha kusikia redio. Lakini aliye ghorofani humchagua mbunge wa Lang'ata, pamoja na mtu wa Karen. Na kinyume chake, mkazi wa Woodley mwenye bustani na lango la chuma yuko Kibra. Kwa hiyo anayesema Kibra ni mabanda matupu, na Lang'ata ni matajiri watupu, hajatazama ramani. Hata ukubwa unashangaza: Kibra ni kilomita mraba kama 12, Lang'ata inakaribia 200, sehemu kubwa ikiwa ni Mbuga ya Taifa ambako wapiga kura hawapo, labda simba wakisajiliwa.

Matokeo baada ya hapo yanaeleza hadithi mbili. Kibra ilimchagua Ken Okoth wa ODM mwaka 2013, kijana aliyezaliwa hukohuko Kibera, ikamrudisha 2017. Mwaka 2022 ikamchagua Peter Orero, mwalimu mkuu wa zamani wa shule ya upili, tena kwa ODM. Chama hakijawahi kukipoteza kiti hicho. Vita vya kweli vimehamia kwenye mchujo wa chama: mwenye cheti cha ODM amevuka nusu ya mto.

Lang'ata nayo? Mwaka 2013 ilimchagua Joash Olum wa ODM. Mwaka 2017 ikamtupa, ikamchukua Nixon Korir wa Jubilee. Mwaka 2022 ikarudi ODM na Phelix Odiwuor, yule mtangazaji Jalang'o. Chaguzi tatu, wabunge watatu, vyama viwili. Kura za South C, Nairobi West na Karen zilikuwepo siku zote. Kilichozimeza ni wingi wa Kibera ndani ya debe moja. Mpaka ulipopita, zikaonekana. Ndiyo maana nasema 2012 ilimpa mkazi wa Lang'ata ushindani ambao hakuwa nao kwa miaka ishirini.

Jaribio kubwa la ngome ya Kibra lilikuja baada ya Okoth kufariki Julai 2019. Uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Novemba ulikuwa na wagombea 24. ODM walimsimamisha Imran Okoth, mdogo wa marehemu, wakaita Kibra chumba cha kulala cha Baba, yaani Raila. Jubilee wakamleta mwanasoka McDonald Mariga, ambaye uteuzi wake ulikwama kwanza kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura, kisha akaruhusiwa. Imran alipata kura 24,636, Mariga 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275.

Magazeti yaliandika ushindi mnono. Mimi huanza na daftari. Waliosajiliwa walikuwa zaidi ya 118,000. Kura za watatu hao ukijumlisha ni 41,141, kama theluthi moja ya daftari. Mshindi aliingia bungeni kwa kura za mtu mmoja kati ya kila watano waliosajiliwa. Hilo halipunguzi uhalali wake, na chaguzi ndogo kwa kawaida hazivuti watu. Ila ukitaka kujua ngome ina unene gani, wahesabu pia waliobaki nyumbani.

Mapitio mengine ya mipaka yalipaswa kumalizika ndani ya miaka 12, yaani kufikia Machi 2024. Tarehe ikapita IEBC ikiwa haina makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025. Sensa ya 2019 imeshaandaa hesabu: watu 47,564,296, wastani 164,015, kikomo cha jiji 229,621. Kaunti ndogo ya Kibra ilihesabiwa watu 185,777 na ya Lang'ata 197,489, kwa hiyo hakuna hesabu inayolazimisha kuzikata tena. Nairobi nzima ina 4,397,073. Gawanya kwa viti 17 unapata 258,000 na ushee, juu ya kikomo. Jiji haliwezi kutimiza katiba bila angalau viti 20. Jumla ya nchi ni 290, haiongezeki, na ile kinga ya mapitio ya kwanza iliyozuia eneo bunge lolote lisifutwe haipo tena. Viti hivyo vitatu vitang'olewa kwa mtu, na huyo mtu hatakaa kimya.