Sifuri ya maabara si lazima iwe sifuri ya korodani
Vijiweni Moshi utasikia: “Majibu ya kipimo cha shahawa yameandika sifuri, basi mwanaume huyo hana mbegu kabisa.” Taratibu, jamani. Kipimo kimeangalia shahawa tu, na sehemu kubwa ya majimaji hayo hutoka kwenye tezi, wala si kwenye korodani. Huenda mbegu zinatengenezwa vizuri ila mrija umeziba, kwa maambukizi ya zamani au kwa kufunga uzazi. Daktari hutia ganzi, akazivuta kwa sindano. Kiwanda chenyewe kikisuasua, korodani hupasuliwa na kupekuliwa kwa hadubini. Hapo wengine hutoka mikono mitupu, tusidanganyane. Zikipatikana, mbegu moja hudungwa ndani ya yai moja, mbinu iliyoanza kuleta watoto Brussels mwaka 1992.