Benki ya kisiwani ikizama, nani anamlipa mtu wa Mwaloni?

Mzee mmoja anayenunua mabondo, yaani vibofu vya samaki, hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki iliyolegea pembe. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu. Wafanyabiashara wa samaki huniletea risiti zinazonuka dagaa nami nazipanga. Siku hiyo bahasha haikuwa na risiti. Ilikuwa na taarifa ya akaunti ya dola, barua ya kurasa tatu kutoka kwa mfilisi, na kadi ya benki ya kisiwa ambacho mzee mwenyewe hajawahi kukanyaga. Mteja wake wa nje ndiye aliyemwambia malipo ya mabondo yatapita huko kwa urahisi.

"Mwanangu," akaniambia, "benki imefungwa. BoT wanalipa lini?"

Nilimwambia akae kwanza. Swali lake nimeshalisikia kwa sura nyingi, na karibu kila sura ina kosa ndani yake.

"Benki ikifungwa, BoT inarudisha hela yote"

BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, siyo inayolipa. Anayelipa ni Bodi ya Bima ya Amana, iliyoanzishwa 1994. Mfuko wake unajazwa na mabenki yenyewe, kila moja ikichangia asilimia 0.15 ya wastani wa amana zake kwa mwaka. Bodi inakinga benki zenye leseni ya Tanzania tu, na ina kikomo. Tangu 2023 kikomo ni shilingi milioni 7.5 kwa mwenye amana. Kabla ya hapo kilikuwa milioni 1.5, na ndicho walichokutana nacho jirani zetu wa Bukoba tarehe 4 Januari 2018, Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera ilipofungwa pamoja na benki nyingine nne kwa kukosa mtaji wa kutosha.

Hesabu yake ni hivi. Ukiwa na milioni 9 kwenye benki inayofungwa leo, Bodi inakupa 7.5. Milioni moja na nusu iliyobaki haijafutika, ila umekuwa mdai kama wadai wengine, unamsubiri mfilisi auze mali za benki na kukusanya mikopo.

Kuna wajanja wanaofungua akaunti tatu kwenye benki moja, ya akiba, ya biashara na ya muda maalumu, wakidhani wamejipatia kinga mara tatu. Zote zinajumlishwa. Kikomo ni kwa mtu katika benki moja. Ukitaka kugawa, gawa kwenye benki tofauti.

Na SACCOS? Bodi hii haizikingi. VICOBA na upatu ndiyo usiulize kabisa.

"Nimeona ofisi yao hapa nchini, kwa hiyo niko salama"

Hapa nilimsimulia mzee habari ya FBME, maana sioni somo zuri kuliko hilo kwa Mtanzania. Benki hiyo ilianzia Cyprus mwaka 1982, ikahamishia usajili wake visiwa vya Cayman mwaka 1986, kisha 2003 ikaja kujiandikisha Tanzania. Makao makuu, kwa karatasi, yakawa Dar es Salaam. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya biashara yake ilifanyika kupitia matawi ya Cyprus. Kibao kilikuwa kwetu, kazi ilikuwa kwao.

Julai 2014 idara ya Hazina ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa fedha iliitaja benki hiyo kuwa tishio la utakatishaji fedha. Benki inayotajwa hivyo mlango wa dola unaanza kuifungia, na benki isiyoweza kupitisha dola haina muda mrefu. Ndani ya mwezi huohuo Benki Kuu ya Cyprus ilishika matawi ya kule na BoT ikashika usimamizi huku. Tarehe 8 Mei 2017 BoT ikafuta leseni na kuiteua Bodi ya Bima ya Amana kuwa mfilisi.

Sasa tazama watu wawili wenye kitabu cha benki moja. Aliyeweka hela yake tawi la Tanzania alikuwa chini ya Bodi yetu, kwa kikomo cha wakati ule cha milioni 1.5. Aliyeweka Cyprus alielekezwa kwenye mfuko wa Cyprus, ambao kikomo chake ni yuro 100,000. Jina lilelile, nembo ileile. Kilichowatenganisha ni leseni ambayo akaunti ya kila mmoja ilifunguliwa chini yake. Mimi siku hizi mtu akiniambia "nina akaunti ya nje" swali langu la kwanza ni hilo, kabla hata ya kuuliza ana kiasi gani.

Mzee alitoa miwani, akaisoma taarifa yake upya. Chini kabisa, kwa maandishi ya saizi ya mayai ya dagaa, palikuwa na jina la mamlaka iliyotoa leseni. Haikuwa Tanzania.

"Kisiwa ni cha Mwingereza, Mwingereza atalipa"

Oktoba 2008 benki kubwa za Iceland zilianguka. Kaupthing ilikuwa na benki tanzu London na nyingine kisiwa cha Man. Wa London wenye akaunti za akiba za mtandaoni walihamishiwa ING Direct na salio zao. Wa kisiwani walibaki nje, maana Man haimo ndani ya Uingereza na mfuko wa fidia wa Uingereza hauvuki maji kwenda huko. Ubaya zaidi, sehemu kubwa ya fedha ya benki ya kisiwani ilikuwa imewekwa kwa ndugu yake wa London, ikafungiwa hukohuko.

Mfuko wa kisiwa wakati huo ulikuwa unafidia asilimia 75 ya pauni 20,000 za kwanza, yaani pauni 15,000. Serikali ya kisiwa ikapandisha kikomo kuwa pauni 50,000 mwezi huohuo. Kisiwa kingine, Guernsey, kilichoangukiwa na benki tanzu ya Landsbanki ya Iceland, hakikuwa na mfuko wowote siku ile, kiliuanzisha baadaye.

"Riba nono ni dalili ya benki yenye nguvu"

Waulize waliokuwa na hati za amana za benki ya Stanford, kisiwani Antigua. Ilipovunjika Februari 2009 hati za takriban dola bilioni 7 zilikuwa mikononi mwa watu, na kisiwa hakikuwa na bima ya amana. Mwenye benki alifungwa miaka 110. Kifungo chake hakikumrudishia mtu hela.

"Kilichozidi kikomo kimekufa" na pacha wake, "watanitafuta wenyewe"

La kwanza si kweli. Wenye amana wa Kaupthing kisiwani Man walilipwa kwa mafungu, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakarudishiwa karibu yote. Ufilisi wa benki ya kimataifa ya BCCI, iliyofungwa 5 Julai 1991, uliendelea zaidi ya miaka 20. Hela inarudi pale mali zipo na wadai hawajachoka.

La pili ndilo linaloua. Mfilisi hulipa waliowasilisha madai. Ukurasa wa tatu wa barua ya mzee ulikuwa na tarehe ya mwisho, na zilikuwa zimebaki siku 11. Barua ilikuwa imekaa miezi miwili kwenye kabati, chini ya leseni za mtumbwi, kwa sababu imeandikwa Kiingereza cha wanasheria.

Tukaanza kujaza. Namba ya akaunti, salio la siku benki ilipofungwa, nakala ya pasipoti iliyothibitishwa. Hapo tukakwama: jina lake kwenye benki lina "l", kwenye pasipoti lina "r". Sisi tunajua ni jina lilelile, nusu ya Kanda ya Ziwa inaishi hivyo. Mfilisi wa huko hajui. Tukavuka barabara kwa wakili, mzee akaapa kwamba majina yote mawili ni yake, muhuri ukagongwa.

"Kuna kijana anaweza kufuatilia haraka"

Alinionyesha ujumbe wa WhatsApp. Mtu mwenye picha ya tai shingoni anaomba dola 400 "za kufungua faili". Kufungua madai kwa Bodi yetu hakuna ada, na fomu ya mfilisi wa mzee ilikuja bure ndani ya barua. Anayetaka kutangulia kulipwa kabla hujalipwa, mtilie shaka. Nilimshauri mzee amzuie. Akaniomba nimzuie mimi, vidole vyake vinene havipati kitufe.

Kabla ya kufunga bahasha akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia ukweli, kwamba inaweza kuwa miaka. Akahesabu kwa vidole, akaguna.

"Basi andika hapo pembeni na jina la mama watoto."

Nikamweleza fomu haina nafasi hiyo. Jina la mama linakaa kwenye wosia. Akachukua kofia yake.

"Wakili yule bado yupo, au ameshafunga?"